Rizal, Balagtas, Joaquin, Sionil José au Bautista: uanze na nani katika fasihi ya Ufilipino?

Mwulize Mfilipino aliyepita shule usome mwandishi gani wa kwao kwanza, atakutajia José Rizal. Kwa wasomaji wengi jibu hilo ni sahihi. Shida ni kwamba linatolewa bila maelezo. Mtu anachukua nakala ya kwanza anayoikuta mtandaoni, au anaanza na kitabu cha pili kabla ya cha kwanza, anakwama sura ya kumi, na fasihi ya nchi nzima inaishia hapo. Huenda angenaswa tangu ukurasa wa kwanza na hadithi fupi ya Nick Joaquin au beti za Balagtas, lakini hakuna aliyemwambia.

Tunaowalinganisha hapa ni watano: Francisco Balagtas (1788–1862), José Rizal (1861–1896), Nick Joaquin (1917–2004), F. Sionil José (1924–2022) na Lualhati Bautista (1945–2023). Wapo wengine wanaostahili, na mmoja wao atajitokeza mwishoni. Lakini kwa msomaji anayetafuta mlango wa kuingilia, hawa watano wanatosha, kwa sababu kila mmoja anafungua mlango wake na haufanani na wa mwenzake.

Lugha ndiyo inayoamua

Uhispania ilivitawala visiwa vile kuanzia 1565 hadi 1898. Ikaja Marekani, na uhuru ukapatikana tarehe 4 Julai 1946. Kila mtawala aliacha lugha yake juu ya lugha za wenyeji zinazozidi mia moja. Kwa hiyo mwandishi wa Ufilipino, kabla hajaandika neno la kwanza, ameshachagua nani atamsoma na nani hatamsoma. Balagtas alitunga kwa Kitagalogi. Rizal aliandika riwaya zake kwa Kihispania. Joaquin na Sionil José walishika Kiingereza. Bautista aliandika Kifilipino cha mtaani Manila, yaani kile Kitagalogi kilichowekwa kuwa msingi wa lugha ya taifa mwaka 1937, na Kiingereza kikiingia na kutoka humo kama kinavyofanya midomoni mwa watu wa mjini.

Kwa Rizal jambo hili lilikuwa jeraha. Katika riwaya yake ya kwanza, *Noli Me Tángere*, yumo mzee Tasio, msomi ambaye wanakijiji wanamwona kichaa. Mzee huyu anaandika kwa alama za kificho ili kizazi cha wakati wake kisielewe, na lugha anayoiandika kwa alama hizo ni Kitagalogi. Katika riwaya ya pili, *El filibusterismo*, sura ya 7, sonara tajiri Simoun anamkemea kijana Basilio kwa sababu wanafunzi wenzake wanaomba chuo cha Kihispania: watu wanaoazima lugha, anamwambia, wanaacha kufikiri kwa akili yao. Na hayo yote yameandikwa kwa Kihispania. Rizal alijaribu kuanza riwaya ya tatu, *Makamisa*, kwa Kitagalogi, akageukia Kihispania, na kazi ikabaki vipande.

Ukishajua hili, uchaguzi unakuwa rahisi. Joaquin na Sionil José utawasoma kama walivyoandika, mradi Kiingereza hakikutatizi. Rizal utamsoma kwa tafsiri, na tafsiri zinatofautiana sana, kwa hiyo kazi yako ni kuchagua nakala. Balagtas na Bautista ndio wanaopoteza mengi wakivuka lugha, ingawa wanachopoteza si kitu kimoja.

Rizal: chagua nakala kabla ya kuchagua kitabu

*Noli Me Tángere* ilichapishwa Berlin mwaka 1887, nakala 2,000, kwa peso 300 alizokopeshwa na rafiki yake Máximo Viola. Jina ni Kilatini, "Usiniguse", maneno ya Yesu kwa Maria Magdalena katika Injili ya Yohana. Rizal, ambaye alikuwa daktari wa macho, anaitumia dibaji yake kuzungumzia saratani ambayo ukiigusa tu mgonjwa anapiga kelele, na nia yake ni kuuonyesha ugonjwa wa nchi yake hadharani. Kitabu kina sura 63 na hitimisho. Crisóstomo Ibarra anarudi kutoka Ulaya baada ya miaka saba. Anakuta baba yake alifia gerezani na maiti yake imefukuliwa kaburini. Anaamua kujenga shule badala ya kulipiza kisasi.

Watu husema *Noli* ni riwaya ya siasa, na wasomaji hujiandaa kwa hotuba. Hawajiandai kucheka, kumbe sura za kwanza ni vichekesho vya mezani. Kwenye karamu ya Capitan Tiago inapakuliwa tinola, yaani supu ya kuku, na Padri Dámaso anapata shingo tupu na bawa gumu vikielea kwenye mchuzi, huku wengine wakila mapaja na vidari. Anaikasirikia sahani yake kabla hajamkasirikia mtu. Msomaji wa kwetu, aliyekulia kwenye nyumba ambamo firigisi ina mwenyewe, hahitaji tanbihi hapo. Anajua kwamba sahani ya kuku inaweza kumtangazia mtu hadharani kuwa ameshushwa cheo.

Tafsiri za Kiingereza zinazopatikana kwa urahisi ni nne. Ya Charles Derbyshire ya 1912, yenye jina *The Social Cancer*, haina tena hakimiliki, ndiyo maana ipo bure mtandaoni. Ni kamili na ya kuaminika, ila sentensi zake ni ndefu na Kiingereza chake kimezeeka. Wengi wanaokwama sura ya kumi wamekwamishwa na mfasiri, si na Rizal. Ya Leon Ma. Guerrero ya 1961 inasomeka haraka kuliko zote, na vizazi vya wanafunzi vimeitumia, lakini ameigusa sauti ya kitabu. Rizal anamgeukia msomaji na kuzungumza naye, anataja mitaa ya Manila kana kwamba mko nayo pamoja, anaacha Kilatini na Kitagalogi vichomoze. Guerrero alipiga pasi mikunjo hiyo mingi. Ya Soledad Lacson-Locsin ya 1996 inairudisha, na mfasiri alikuwa Mfilipino aliyekijua Kihispania kwa ndani. Ya Harold Augenbraum, toleo la Penguin la 2006, ni rahisi kuipata nje ya Ufilipino na ina maelezo ya kumsaidia mgeni.

Ukiwa dukani au mbele ya nakala ya mtandaoni, fungua sura ya kwanza. Msimulizi akikufikisha kwenye nyumba ya karamu anapaswa kukuita wewe unayemsoma, uwe rafiki au adui, na kukukaribisha upande ngazi. Mwaliko huo ukiwa umefutwa au umefifia, una nakala iliyosawazishwa. Kisha angalia kama sura ya Elías (anayemsaidia Ibarra) na mpenzi wake Salomé imo. Rizal aliiondoa ili kupunguza gharama ya uchapaji, na matoleo mengine huirudisha mahali pake au huiweka mwishoni. Ukiikosa hadithi haivunjiki, lakini Elías anabaki mtu asiye na mapenzi yake mwenyewe, na uamuzi wake wa mwisho unapungua uzito.

Kuna sehemu moja zaidi inayowachosha watu: mahubiri ya Padri Dámaso siku ya sikukuu ya mji. Ni marefu, nusu Kihispania na nusu Kitagalogi, na Kilatini kimetupiwa ovyo. Yanachosha kwa makusudi. Yasome haraka, ukiwatazama waumini wanaosinzia zaidi ya kumsikiliza padri. Katika nakala iliyofuta Kilatini utani wote hufa, ukabaki uchovu peke yake.

*El filibusterismo* ilitoka Ghent, Ubelgiji, mwaka 1891, kwa fedha za Valentín Ventura, na imetabarukiwa mapadri watatu, Gómez, Burgos na Zamora, walionyongwa Manila tarehe 17 Februari 1872. Ina sura 39. Ni fupi, nyeusi, na vicheko vyake ni vichungu. Kosa kubwa ni kuianza kabla ya *Noli*, au kusoma muhtasari unaokutajia Simoun ni nani: ukilijua hilo mapema, umeibiwa sura saba za kwanza. Kosa la pili ni kuruka habari za ombi la chuo cha Kihispania ukidhani ni mambo ya ofisini. Humo ndimo Rizal anapogombana na nafsi yake.

Rizal aliuawa kwa kupigwa risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 35. Tangu 1956 sheria namba 1425 inazitaka shule zote zifundishe maisha na maandishi yake. *Noli* husomwa darasa la 9 na *El filibusterismo* darasa la 10, na mara nyingi kwa vitabu vilivyofupishwa. Kwa hiyo Mfilipino anapokupa ushauri, huenda anakumbuka mtihani zaidi ya riwaya. Rizal akichujwa hivyo anageuka sanamu ya uwanjani, na hakustahili hivyo: ni mwandishi mchangamfu, mwenye sikio kali la kunasa maneno ya wanafiki.

Balagtas: kwa anayejua kuhesabu mizani

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. *Florante at Laura*, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1838, ni utungo mrefu wa beti 399, aina inayoitwa awit. Kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani 12, na kituo baada ya mizani ya 6. Anayejua shairi letu la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, anaelewa papo hapo kituo hicho kinafanya kazi gani. Tofauti iko kwenye vina. Utenzi wetu una vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachobaki kilekile kama bahari ya utungo mzima. Awit haina bahari: mishororo yote minne hushika kina kimoja, na ubeti unaofuata huanza na kina kipya.

Kina chenyewe si kama chetu. Maneno mengi ya Kitagalogi huishia na konsonanti, kwa hiyo sheria inatazama irabu ya mwisho pamoja na kundi la konsonanti inayoifuata. Kundi la kwanza ni zile ngumu kama b, k, d, g, p, s na t. La pili ni laini kama l, m, n, ng, r, w na y. Maneno yenye irabu moja na konsonanti za kundi moja yanahesabiwa kuwa yana kina. Kama ni irabu tupu, lile linalokatwa ghafla kooni haliwiani na lile linaloachiwa likatoka huru. Ukiusoma utungo kwa macho tu utadhani mshairi amekosea vina. Hajakosea.

Jaribu kuhesabu mwenyewe mshororo wa kwanza: *Sa isang madilim, gubat na mapanglaw*. Sa-i-sang-ma-di-lim, sita, gu-bat-na-ma-pang-law, sita. Irabu zisome kama zetu. *Ng* isome kama ya ng'ombe, si ya ngoma, na *mga*, alama ya wingi, itamkwe "mang'a". Kwa kanuni hizo chache unaweza kuusoma ubeti mzima kwa sauti ukasikia mwendo wake hata kabla ya kujua maana. Kisha weka tafsiri pembeni. Ya Tarrosa Subido kwa Kiingereza ilijitahidi kulinda mwendo wa kishairi. Tafsiri za nathari zinakupa kisa tu, na kisa peke yake ni cha kawaida: mwana wa mtukufu amefungwa mtini msituni, simba wanamkaribia, mpenzi wake ameporwa na mwovu Adolfo.

Kisichokuwa cha kawaida ni anayemwokoa. Florante ni Mkristo wa Albania, na anayezikata kamba zake ni Aladin, Mwislamu wa Uajemi. Siku zile jukwaa la Ufilipino lilitawaliwa na maigizo ya vita vya Wakristo na Wamoro, yaani Waislamu, na Wamoro walishindwa kila mara kisha wakabatizwa. Balagtas alichukua vifaa vilevile akavipindua. Sisi pwani tunayo tenzi iliyozaliwa na kumbukumbu ya vita vya namna hiyo, ikitazama kutoka upande wa pili: *Utenzi wa Tambuka* wa Pate, wa mwaka 1728, juu ya jeshi la Kiislamu na Herakli wa Rumi. Kuzisoma mbili hizi zikifuatana ni zoezi bora kuliko mihadhara mingi ya fasihi linganishi. Miaka Balagtas alipokuwa akitunga, Muyaka bin Haji naye alikuwa akitunga Mombasa.

Kwa nini Albania, na si Bulacan alikozaliwa? Kitabu kilihitaji kupita mikononi mwa wakaguzi wa serikali na kanisa. Nchi ya mbali ilimruhusu kulia juu ya uovu unaotawala "ndani na nje ya nchi yangu" bila kuitaja nchi yenyewe. Msomaji anayetafuta jiografia ya Albania atapotea. Anayetafuta Ufilipino ataiona kila ubeti.

Usiziruke beti za utangulizi zinazomwendea Selya, mpenzi wa mshairi, wala zile zinazomhutubia msomaji. Katika hizi za pili mshairi anamwomba msomaji asimbadilishie maneno, bali alitafakari neno gumu hadi lieleweke. Ni ombi ambalo mtunzi yeyote aliyewahi kuimbiwa shairi lake likiwa limepotoshwa atalitia saini.

Jina lake limebaki pia kwenye balagtasan, malumbano ya washairi wawili mbele ya hadhira, na mwamuzi wa tatu anayeitwa lakandiwa. La kwanza lilifanyika Manila tarehe 6 Aprili 1924, kati ya Jose Corazon de Jesus na Florentino Collantes. Aliyekulia kwenye mashairi ya kujibizana atajisikia nyumbani.

Joaquin na Sionil José: Kiingereza kimoja, nchi mbili

Hawa wawili ndio wanaochanganywa sana na wageni, kwa sababu wote waliandika Kiingereza, wote walipewa cheo cha Msanii wa Taifa (Joaquin mwaka 1976, Sionil José mwaka 2001), na wote walifanya uandishi wa habari. Ukweli ni kwamba kuchagua kati yao ni kuchagua unavyotaka kuikumbuka nchi.

Joaquin ni wa Manila, mtaa wa Paco. Baba yake alikuwa wakili na kanali katika mapinduzi dhidi ya Wahispania. Kiingereza chake kina mkondo mrefu, kimejaa mishumaa, maandamano ya watakatifu, vioo na joto la Mei, na chini yake unakisikia Kihispania kilichokuwa kikififia mjini. Anaomboleza mji wa kale wa Intramuros, uliobomolewa kwenye vita vya Manila vya 1945. Tamthilia yake *A Portrait of the Artist as Filipino* inawaweka dada wawili, Candida na Paula Marasigan, kwenye nyumba ya Intramuros mwezi Oktoba 1941, pamoja na mchoro wa baba yao ambao kila mtu anataka uuzwe. Ilipoigizwa mwaka 1955, ilichezwa kwenye magofu ya Intramuros yenyewe.

Sionil José ni wa Rosales, mkoani Pangasinan, Mwilokano kwa kabila. Dunia yake ni ardhi, bwanyenye, mkulima anayegawana mavuno na mwenye shamba, na mtoto wa mkulima huyo anayepanda daraja hadi anawasahau waliombeba. Sentensi zake ni nyofu. Msomaji wa pwani ya Kenya anayeijua habari ya maskwota hatahitaji kueleweshwa kiini cha riwaya zake tano za Rosales.

Anza Joaquin na "May Day Eve", hadithi fupi inayosomeka kwa kikao kimoja: msichana, kioo, usiku wa kuamkia Mei, na ndoa inayooza kwa miaka arobaini na ushee. Ugumu wake ni mmoja. Wakati unaruka bila alama yoyote, mara nyingine katikati ya aya: Agueda ni msichana mbele ya kioo, kisha ni mama anayemsimulia bintiye habari za usiku ule. Ukipotea, rudi utafute anayezungumza na anayesikiliza. Ukimjua msikilizaji, mwaka unajulikana. Ukiipenda, nenda kwenye "The Summer Solstice", kisha tamthilia, ndipo ufike riwaya *The Woman Who Had Two Navels* ya 1961. Wanaoanza na riwaya hii huona kama wamewekwa katikati ya ugomvi wa familia wasiyoijua. Toleo la Penguin la 2017 limeiweka pamoja na hadithi fupi, na ni kitabu kimoja kinachotosha.

Kwa Sionil José hatari iko kwenye mpangilio. Alitoa riwaya kwa utaratibu huu: *The Pretenders* (1962), *My Brother, My Executioner* (1973), *Tree* (1978), *Mass* (1982, ikitoka kwanza kwa Kiholanzi) na *Po-on* (1984). Lakini historia yenyewe inaanzia *Po-on*, na familia ya Wailokano inayokimbia kusini mwishoni mwa utawala wa Kihispania, kisha *Tree*, *My Brother, My Executioner*, *The Pretenders* na *Mass*. Fuata historia, usifuate mwaka wa kuchapishwa. Ukiwa na nafasi ya tatu tu, chukua *Po-on*, *The Pretenders* na *Mass*: hizo zinafuata ukoo mmoja, kutoka kwa Istak aliyefukuzwa utumishi wa kanisa, hadi Antonio Samson mwenye shahada ya Harvard aliyeoa utajiri, hadi Pepe, mwana wa nje wa Antonio, kwenye vibanda vya Tondo, Manila. Angalia pia majina: Marekani *Po-on* iliuzwa kama *Dusk*, *The Pretenders* na *Mass* zikafungwa pamoja kama *The Samsons*, na zile mbili za kati zikaitwa *Don Vicente*. Wapo walionunua kitabu kimoja mara mbili kwa kutolijua hili.

Udhaifu wao nao uujue. Joaquin anaweza kukulemea kwa mapambo, na wanawake wake wakati mwingine ni moto mtupu kuliko watu. Wahusika wa Sionil José wanapokasirika huhutubia, na hutuba moja inaweza kula kurasa tatu. Tukipima sentensi kwa sentensi, Joaquin ni bora, tena kwa mbali. Lakini mtu anayetaka kuelewa kwa nini watoto wa wakulima wa Ufilipino wameendelea kupanda milimani na bunduki, Sionil José ndiye atakayemweleza. Duka lake la vitabu, Solidaridad, alilifungua mwaka 1965 barabara ya Padre Faura, Manila, na jina lake limetoka kwenye gazeti la wanamageuzi wa zama za Rizal.

Jambo moja la Joaquin haliachwi. Alipotakiwa kupokea cheo cha Msanii wa Taifa kutoka kwa serikali ya Rais Marcos, alitumia nafasi hiyo kudai mwandishi mwenzake, José F. Lacaba, aachiwe kutoka kizuizini. Aliachiwa.

Bautista: aliyebaki nyumbani

Lualhati Bautista alizaliwa Tondo. *Dekada '70*, iliyopata tuzo kuu ya Palanca mwaka 1983, Marcos akiwa bado madarakani, inasimuliwa na Amanda Bartolome, mama wa watoto watano wa kiume katika familia ya kipato cha kati. Sheria ya kijeshi inatangazwa Septemba 1972, na siasa inaingia nyumbani kupitia wana: mmoja anakwenda msituni, mwingine anajiunga na jeshi la majini la Marekani, mwingine anauawa na hakuna anayewajibishwa. Amanda anaanza kitabu akiwa mke anayekubali kila neno la mumewe Julian. Hamalizi hivyo.

Ufundi wake uko kwenye lugha, na hapo ndipo tafsiri inapoumia. Amanda anachanganya Kifilipino na Kiingereza kama mama wa Manila anavyofanya akiwa jikoni, na kila mchanganyiko una sababu: Kiingereza cha mume mwenye madaraka si kile cha mwana mwenye hasira. Ukikigeuza chote kuwa Kiingereza, ngazi hizo zinasawazishwa. Kama Kifilipino huna, njia nzuri zaidi ni filamu ya 2002 yenye manukuu, iliyoongozwa na Chito Roño, na mswada aliandika Bautista mwenyewe. Vivyo hivyo kwa *Bata, Bata... Pa'no Ka Ginawa?* ("Mtoto, mtoto... uliumbwaje?"), ambayo filamu yake ni ya 1998: Lea ana watoto wawili wa baba wawili, kazi anayoipenda, na shule inayomtazama kwa jicho baya. Anayezifuata tamthilia za Kifilipino zilizotiwa sauti ya Kiswahili kwenye runinga zetu atazitambua nyumba, magomvi na machozi, lakini hapa machozi yana hoja.

Kwa muda ulio nao

Jioni moja: "May Day Eve". Filamu ya wikiendi: *Dekada '70*. Mwezi mmoja: *Noli*, sura mbili au tatu kwa siku, ukiiacha ya Derbyshire kama unaweza kupata ya Lacson-Locsin au ya Augenbraum. Mtunzi wa mashairi asisubiri, amchukue Balagtas kesho, beti kumi kwa siku, kwa sauti. Kwa mwendo huo siku arobaini zinatosha. Sionil José aje baada ya Rizal, kwa sababu *Po-on* inadhani tayari unajua kilichowapata mapadri wale watatu wa 1872.

Na ukimaliza *El filibusterismo*, usikifunge kitabu ukidhani hadithi imeishia pale mzee Padri Florentino anapolitupa baharini sanduku la vito. Amado V. Hernandez, mshairi na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyekaa gerezani miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1969 riwaya *Mga Ibong Mandaragit*, na ipo tafsiri ya Kiingereza ya Danton Remoto. Kijana mpiganaji wa msituni, wakati wa vita na Wajapani, anakutana na mzee anayeijua siri ya sanduku hilo. Wanakwenda mahali penyewe, wanapiga mbizi, wanalitoa, na utajiri wa Simoun unaanzisha gazeti. Safari hii hadithi imeandikwa kwa Kitagalogi.